Kila Mmoja Ana Faili Lake, Mbebaji Ni Mimi

Shikamoo Bi Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mshomoroni, Mombasa. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi mbele ya nyumba. Msichana wangu ana miaka minane. Mdogo wake wa kiume ametimiza mitano na yuko PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, kwenye nasari ya kaunti, hapa hapa karibu. Huyo mdogo ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alitembea kwa wakati wake, lakini maneno hayakuja. Mpaka leo ana maneno kama kumi, na mengine dadake peke yake ndiye anayeyafahamu. Ukimwita jina hageuki, lakini nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Anapenda kupanga vizibo vya soda safu ndefu, na ukikigusa kimoja ni kilio cha saa nzima. Kengele ya shule ikilia huziba masikio na kupiga mayowe. Muhula huu ameshawauma wenzake mara tatu.

Nimezunguka, Bi Mwalimu. Daktari wa kwanza alimmulika masikio kwa tochi akasema ni mazima. Wa pili akaandika kwamba huenda ni usonji, akatutuma kwa OT, mtaalamu wa kumzoeza mtoto shughuli za kila siku. Huyo OT ni dada mpole sana, tunamwona mara moja kila wiki mbili, naye anasema mtoto asitolewe shuleni hata siku moja, achanganyike na wenzake. Mwalimu wake anasema nimkalishe nyumbani mpaka atulie, kwa sababu ana watoto arobaini na watatu na wazazi wa walioumwa wamekuja juu. Afisa wa kituo cha tathmini, wanakopima watoto wenye mahitaji maalum, alimtazama asubuhi moja, akaandika barua apelekwe shule maalum, na shule yenyewe ni ya bweni, ng'ambo ya feri. Ustadhi wa chuo cha Qurani anasema nimlete, ila akae nyuma kabisa na dadake. Mume wangu ni baharia, anakaa nje miezi tisa, naye akituma sauti kwa simu ni ile ile: "Hata mimi nilichelewa kusema, muache mtoto akue."

Halafu kuna mavyaa wangu, tunakaa naye. Yeye anasema ni jini. Amepata fundi wa kuandika kombe, aya zinazooshwa kwa maji, mtoto anywe siku saba, na katika siku hizo asiguse dawa ya hospitali. Dawa yenyewe ni ya kifafa. Mwaka jana alianguka mara mbili bila homa, akaanzishiwa, na tangu hapo hajaanguka tena. Hilo la kifafa mwalimu hajui. Sikumwambia, niliogopa watamfukuza.

Sasa kila mmoja ana faili lake na kila faili lina neno lake. Mimi ndiye nabeba karatasi kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nikikanda unga alfajiri nalia. Simu ya shule ikilia mwili unakufa ganzi, maana ni "njoo umchukue" tu. Sina usingizi, sina hamu ya chakula, na imeshafika miezi miwili.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumatano moja nilimwacha mtoto kwa jirani nikaenda mjini kuchukua barua. Nikirudi, pale stegi ya Kongowea nikaona matatu ya Mtwapa, nikapanda. Sina mtu Mtwapa. Nilishuka, nikakaa kwenye kibaraza cha duka masaa mawili, halafu nikarudi nyumbani. Usinifahamu vibaya, sitaki kufa. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita.

Niambie basi. Katika hawa wote, nimfuate nani?

Mama wa Wawili, Mshomoroni

---

Marahaba, mwanangu.

Nitaanzia Mtwapa, kwa sababu wewe umeiweka mwisho kama kwamba ni jambo la aibu. Ulimwacha mtoto mahali salama, ukaenda ukakaa, ukarudi. Sioni kosa hapo. Ninachokiona ni mwili ulioishiwa. Huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea, chakula hakipiti, machozi yanakuja bila kuitwa: hapo madaktari hawasemi tena umechoka. Ina jina, huitwa sonona, na inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wengine huongezewa dawa. Wewe una miezi miwili. Kwa hivyo safari ijayo ya kuchukua dawa ya mtoto, kabla hujatoka chumba kile, mwambie daktari au muuguzi maneno haya haya uliyoniandikia mimi. Usiyapunguze. Mwambie na wewe unataka kuonwa. Akikuandikia barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili, nenda. Najua ukilisikia jina la Port Reitz, hospitali ya magonjwa ya akili, unasikia vicheko vya mtaani, tumelelewa nayo masihara hayo, na yamewafungia ndani wanawake wengi waliohitaji msaada wa miezi michache tu. Na usiku ukikuzidi kabla hujafika kwa daktari, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure, 1199, unaongea na mshauri. Ikifika siku ukahisi hutaki kuishi, au mkono wako unataka kumwendea mtoto vibaya, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo, usingoje kliniki.

Nimelitanguliza hili makusudi. Kila karatasi uliyonitajia ina jina la mtoto juu yake, na hakuna hata moja yenye jina lako. Wote hao wamekutazama kama njia ya kupitishia barua.

Sasa swali lako. Nimelisoma mara nyingi, na jibu langu ni kwamba usimfuate yeyote peke yake.

Watazame tena. OT anamwona mwanao kwenye chumba kimya, mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, mkeka na mipira. Hapo mtoto ni mwanafunzi mzuri, ndiyo maana anasema asitolewe shuleni. Afisa wa tathmini alimwona asubuhi moja tu, kwenye ofisi asiyoijua, baada ya tuktuk na matatu na foleni. Hapo bila shaka alikuwa amelowa kwa kilio. Mwalimu anamwona katikati ya watoto arobaini na watatu, kengele juu ya kichwa. Mavyaa wako anamwona magharibi akiwa amechoka. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja ameona mtoto wake mwingine, akaandika alichokiona.

Watu watakwambia manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nasema hapa kila nahodha yuko kwenye chombo chake, na baina ya chombo na chombo anayeogelea ni wewe.

Na si kwa ubaya wao. Nimefundisha nasari miaka mingi nikalijua jambo hili kutoka ndani. Mwalimu wa mwanao ni mtu wa kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, elimu ya chekechea ilipewa kaunti. Hospitali ya umma unakokwenda nayo ni ya kaunti, lakini idara ya afya na idara ya elimu hazisomeani barua. Afisa wa tathmini ni wa serikali ya kitaifa, upande wa Wizara ya Elimu. Vituo vyao vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, wakati kaunti hatuzijui. Na siku utakapotaka kadi ya ulemavu ya mtoto utakwenda kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambao nao wana fomu yao na wizara yao. Mabosi hawa hawakutani, na wafanyakazi wao hawakutani. Karatasi zao hukutana kwenye mkoba wako tu.

Kwa hivyo kazi ni kuwakutanisha wao, karatasi zikae kando. Mara moja tu, nusu saa, pale pale nasari, watoto wakiwa darasani.

Nani awaite? Si wewe. Ningemchagua yule dada wa OT. Mwambie hivi: "Dada, kila mtu ananiambia lake, nami siwezi tena kuwa posta. Nakuomba uwe mtu mmoja wa kuwapigia wenzako." Simu ya mtaalamu kwa mtaalamu hupokelewa, ya mama husubirishwa. Akishindwa kuja mwenyewe, asikike kwa simu iliyowekwa katikati ya meza. Wawepo mwalimu na mkuu wake, afisa wa elimu ya chekechea wa wadi yenu akipatikana, na yule wa tathmini. Mavyaa wako pia. Ndiyo, na yeye. Nitalirudia hili.

Siku hiyo wasianze kwa kusoma barua zao. Wasimame dirishani dakika kumi wamtazame mtoto darasani, kwa sababu mpaka leo, ukimtoa mwalimu, hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona akiwa shuleni. Wataiona kengele. Pengine wataona kwamba anauma wakati wa kupanga mstari wa uji, watoto wanapomsukuma kwa nyuma, wala hawaumi anapocheza. Mtoto asiye na maneno huongea kwa meno, na ukitaka kujua anasema nini utazame kilichotangulia. Mwalimu aandike kwenye daftari wiki mbili tu: kabla ya kuuma kulikuwa na nini, alimuuma nani, baada yake alipata nini. Mara nyingi jibu huwa ni dogo hata mtu anaona haya. Awe wa kwanza kwenye mstari, au wa mwisho. Kengele ipigwe yeye akiwa ameshatolewa nje, au wabadilishe wapige ngoma. Apate kona yenye mkeka wa kujitulizia, wala isiwe ya adhabu. Apewe picha nne ukutani, za kuimba, kucheza, uji na kwenda nyumbani, ajue kinachofuata. Hizo picha hata mimi nilizichora kwa kalamu ya wino kwenye katoni za sabuni. Picha hizo hizo ziwe nyumbani kwako, na ustadhi apewe seti yake. Mtoto wa aina hii akifundishwa "ngoja" kwa ishara tatu tofauti mahali patatu, hajifunzi "ngoja" hata moja.

Kama siku nzima ni ndefu kwake, waanze na saa mbili mpaka saa nne, wiki tatu, halafu waongeze nusu saa. Hapo OT amepata lake na mwalimu amepata pumzi. Lakini mwisho wa kurefusha uandikwe na tarehe. Nimeona "masaa machache kwa sasa" ikigeuka kuwa maisha ya mtu.

Sitajifanya mtakatifu. Mwaka mmoja nikiwa kazini aliletwa kwangu mtoto kama wako. Alikuwa akikimbilia getini kila mara. Nilikuwa na darasa lililojaa na mimba ya miezi saba. Nikamwambia mamake, kwa sauti laini kabisa, "Mrudishe akiwa tayari." Hakurudi. Miaka baadaye nilimwona yule mama sokoni, nikataka kumuuliza, nikanunua nyanya zangu nikaondoka. Mwalimu wako anaposema "mpaka atulie," hilo neno nalijua, nimelisema. Ni neno la mtu aliyelemewa. Usimwendee kwa vita. Ila jua, na mkuu wake ajue, kwamba Katiba hiyo hiyo kwenye Kifungu cha 53 inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kusoma kwenye taasisi zilizochanganyika na jamii, kadiri inavyofaa maslahi yake mwenyewe. Maslahi yake, si ya wazazi waliokuja juu.

Kuhusu bweni ng'ambo ya feri, kwa mtoto wa miaka mitano asiyeweza kukwambia amepigwa au ana homa, mimi moyo unakataa. Wengine wataniona nimekosea, na ziko shule maalum zinazofanya kazi ambayo nasari ya kawaida haiwezi. Mombasa tunazo za tangu zamani, kama ile ya wasioona ya Likoni na ya viziwi ya Ziwani. Lakini baina ya bweni na darasa la arobaini na watatu kuna njia ya katikati. Ziko shule za msingi za kawaida zenye kitengo maalum ndani yake, mtoto anasoma na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, anacheza na wengine mapumzikoni, na jioni anarudi kwa mamake. Muulize afisa wa tathmini, mbele ya wenzake, ni kipi kilicho karibu na Mshomoroni. Barua yake ni pendekezo, na mtoto anaweza kupimwa tena. Mwombe amtazame upya akiwa nasari.

Masikio. Tochi huonyesha kama kuna nta, usaha au ngoma iliyotoboka. Haionyeshi kama mtoto anasikia. Kuna kipimo cha kusikia chenyewe, cha mashine, na mtoto anayechelewa kusema afanyiwe hicho kabla ya jambo lolote. Kwamba anakuja mbio kwa biskuti ni dalili njema, lakini anaweza kuwa anasikia sauti za aina fulani na nyingine zikampita. Omba barua ya kupimwa, iingie kwenye mazungumzo ya siku ile.

Kifafa. Hapa nakuwa mkali, nisamehe. Mwalimu lazima ajue, tena wiki hii, usingoje kikao. Fikiria akianguka mbele ya watoto arobaini na watatu na mtu mzima mmoja asiyejua, atakayemtia kijiko mdomoni. Mwandikie kwa mkono kwenye karatasi moja: akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, mlazeni ubavu, msimtie chochote mdomoni, msimshikilie kwa nguvu, tazameni saa. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Na chini uandike namba yako na ya jirani. Mwalimu anayejua la kufanya huogopa kidogo kuliko anayeshtukizwa.

Na dawa ya kifafa haikatwi siku saba wala siku moja. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokatika, ile inayoua.

Ndipo tunafika kwa mavyaa wako. Usipigane naye. Kombe ni maneno ya Mungu kwa zafarani na maji, anywe, akisomewa dua na asomewe. Masharti yako yawe matatu na mume wako ayasikie kwenye sauti ya simu: dawa inaendelea kila siku, mtoto hapigwi, hafukizwi moshi. Mama huyu anakaa na mjukuu wake kila jioni, na nakuhakikishia kuna mambo anayajua ambayo OT hayajui, kwa mfano anatulia akipakatwa namna gani au wimbo upi humlaza. Akikalishwa kwenye kiti siku ya kikao akaulizwa na wataalamu, "Bibi, wewe unamtuliza vipi?", utaona. Mtu aliyeulizwa hujibu tofauti na aliyeamrishwa. Mume wako naye apigiwe simu siku hiyo hiyo asikie kwa masikio yake, asitegemee wewe umtafsirie.

Binti yako. Miaka minane, na ameshakuwa mkalimani wa shule, wa chuo, wa nyumbani. Chuoni asikae nyuma kwa ajili ya nduguye, akae anapostahili. Siku moja kwa wiki umpeleke mahali wewe na yeye tu, hata ni kwenda kununua mabuyu.

Kikao kikiisha, waondoke na karatasi moja, si tano. Nyuma yake na mbele yake, basi. Mtoto anapenda nini, nini humkera, nini humtuliza, dawa gani na saa ngapi, mambo matatu tu ya muhula huu (mimi ningeanza na kuomba maji kwa ishara, kusubiri uji, na kukaa mkekani dakika tano), nani anafanya lipi, tarehe ya kukutana tena. Kila mmoja atie sahihi, kila mmoja apate kopi. Ile yako iweke kwenye bahasha ya plastiki pamoja na kadi ya kliniki. Akibadilishwa mwalimu mwakani, utampa hiyo, hutaanza hadithi upya tangu ulivyojifungua.

Kadi ya ulemavu ianze kushughulikiwa ukishapumua. Inahitaji tathmini ya madaktari wa hospitali ya serikali, ina mizunguko yake, na mtoto hatapungukiwa akiipata miezi mitatu baadaye. Usiruhusu mtu akuharakishe.

Haya yote si ya wiki moja. Ukinipa nafasi ya kuchagua mambo mawili tu ya kesho, ni karatasi ya kifafa kwa mwalimu, na wewe kuonwa na daktari.

Na Mtwapa ukitaka kwenda tena, nenda. Jumatano hiyo hiyo, kila wiki ikiwezekana. Ila safari hii mwambie jirani utarudi saa ngapi, na ukifika usikae kwenye kibaraza cha duka, shuka mpaka kwenye maji.